Mama wa Barua Nne

Walituita kwa mpangilio wa herufi, na mpangilio huo ndio uliompa mtu mwingine mama yangu.

Tulikuwa wasichana tisa kwenye benchi, nje ya ofisi ya utawala ya hospitali moja binafsi mjini Moshi. Nafasi ilikuwa moja tu, ya mapokezi. Nilivaa sketi nyeusi ya marehemu mama, niliyoipunguza kiunoni kwa mkono, na blauzi ya kuazima. Mvua ilikuwa imenyesha tangu alfajiri. Mlima hatukuwa tumeuona kwa siku nne.

Elifuraha aliingia wa kwanza. Alikuwa binti mchangamfu wa Machame, dakika chache kabla alikuwa ametuchekesha benchi zima kwa kumuigiza mlinzi wa getini. Alipotoka macho yalikuwa mekundu.

"Vipi?" nilimuuliza.

"Wamenibana kuhusu mama."

"Mama amefanyaje?"

"Basi tu, mwenzangu. Wewe ingia, Mungu yupo," akasema, akapita haraka bila kuniangalia.

Wakaitwa wengine wawili. Kisha nikasikia jina langu.

Ndani walikuwa watatu. Katikati alikaa mama mmoja mwenye miwani, na kulia na kushoto kwake wanaume wawili.

"Mektrida Sirili?"

"Ndiyo, mama. Shikamoo."

"Marahaba, kaa." Alikuwa na barua yangu mkononi. Aliisoma kimya hadi mwisho, kisha akamtazama yule baba wa kulia, na yule baba akauficha mdomo kwa kiganja. "Mama yako yuko hai?"

"Hapana. Alifariki mwaka jana, mwezi wa kumi."

"Pole. Ulimuuguza wewe?"

"Mimi. Siku arobaini na moja."

"Arobaini na moja," yule baba alirudia. Akafunua karatasi nyingine. "Na hapa arobaini na moja. Na hapa tena." Alizilaza barua mezani moja baada ya nyingine, kama mtu anayepanga karata. "Na kabla hajafariki, alikuuliza kama baba amefika?"

Maneno yale nilikuwa nimemwambia mtu mmoja tu duniani, na kwa mshtuko nikasahau kwamba niliruhusu yaandikwe.

"Nani amekuambia, baba?"

"Umeandika mwenyewe. Elifuraha naye ameandika. Ruth, anayekuja baada yako, ameandika. Na huyu mwingine. Binti yangu, ninyi mmezaliwa tumbo moja?"

Yule wa kushoto alicheka. Mama mwenye miwani hakucheka, na hilo liliniumiza zaidi.

"Elifuraha ametueleza vizuri, hadi akalia," alisema. "Tumemwamini yeye. Ninyi wengine nadhani mmenakili. Mapokezi ni kazi ya uaminifu, dada."

Ningeweza kuwaambia. Ningeweza kusema pete ya ndoa ya mama ilizungushiwa uzi kwa sababu kidole kilikonda. Ningeweza kusema alipenda nimchane nywele hata zilipobaki chache. Lakini nilihisi nikisema hayo nitakuwa nagombania maiti na watoto wa watu.

"Asanteni," nikasema, nikatoka.

Barua ile iliandikwa na Yassin.

Yassin ana steshenari mtaa wa Mawenzi. Anapiga chapa, anatoa fotokopi, anapiga picha za pasipoti, na siku hizi anawaandikia watu barua za kuombea kazi kwa akili mnemba iliyo kwenye simu yake. Nilimfahamu nikipeleka fomu za bima za mama. Siku hiyo nilikuwa sijalala, akanipa kiti chake mwenyewe akafanya kazi amesimama. Hakuniuliza jina mpaka safari ya tatu. Mama alipofariki alifunga duka siku nzima, akapanda Kilema, kijijini kwetu, na kusimama mbali na kaburi, kwenye migomba, mahali ambapo hakuna mtu wa kwetu angemwona ila mimi.

Kwao ni Waislamu wa mjini. Babu yake alikuja na reli, bibi yake alitoka Pare, na Yassin mwenyewe akiulizwa kabila husema, "Mimi ni wa Moshi." Baba yangu alimkataa bila kumwona. Shangazi Hellen, dada yake baba, ndiye aliyeleta habari kwamba nimeonekana naye.

"Umebatizwa pale misheni, umepata komunyo pale, kipaimara pale," alinihesabia kwenye vidole. "Sasa unataka kuolewa na fotokopi?"

"Ana jina, shangazi."

"Hilo jina ndilo tatizo."

Siku ya barua ilikuwa Alhamisi mchana. Mvua ilipiga bati mpaka wateja wakakimbia, tukabaki wawili. Yassin alishika simu yake, mimi nikakaa kwenye kile kiti.

"Uzoefu?" aliuliza.

"Sina."

"Hakuna mtu asiye na uzoefu, Meki. Hii AI inataka kulishwa. Usipoilisha inakuandikia maneno matupu, eti mimi ni mchapakazi, najituma, kama watu wote."

"Sijawahi kuajiriwa. Nina Form Four na cheti cha kompyuta. Nikulishe nini?"

Aliniangalia kwa muda. Yassin ana macho ya kungoja, hayakusukumi.

"Mama yako ulimuuguza siku ngapi?"

Nikamwambia. Mwanzoni alikuwa anachapa kila nilichosema. Nilimsimulia nilivyojifunza kumgeuza mgonjwa bila kumuumiza, nilivyowapokea wageni na kuwaambia kwa upole kwamba leo hawezi kuongea. Kisha, sijui kwa nini, nikaendelea. Labda ni ile mvua.

Siku ya arobaini na moja, saa tisa alasiri, mama alifungua macho akauliza, "Sirili amefika?"

Baba hakuwa amefika. Alikuwa ametoka nyumbani asubuhi kuja wodini, akapita kwa jirani yetu Primus kunywa kata moja ya mbege, pombe yetu ya ndizi, na kata moja ikawa tatu. Mimi sikuyajua hayo bado. Nilijua tu kwamba mlango hauna mtu.

"Amefika, mama," nilimwambia. "Yuko hapo nje anaongea na daktari."

Akanibana vidole kidogo, akafumba macho.

Baba aliingia saa kumi na moja. Nilimwambia mama amekwenda usingizini, hakumuulizia mtu. Kwa hiyo nilikuwa na uongo wa aina mbili, mmoja nilimpa mama, mmoja nilimpa baba, na ukweli wenyewe nilibaki nao peke yangu.

Nilipomaliza, Yassin alikuwa ameacha kuchapa. Alinishika ncha za vidole kwa mkono wake uliochafuka wino.

"Na hili niliandike?"

Nilifikiri. "Andika. Baba hajui Kiingereza, na barua haipandi Kilema."

Barua ilitoka nusu dakika baadaye, ukurasa mmoja na robo. Niliisoma yote. Ilikuwa mara ya kwanza kuona huzuni yangu imepangwa vizuri, haina kamasi wala kwikwi. Nililia, na yeye akageuka kuipanga rimu ya karatasi iliyokuwa imeshapangwa, ili nilie bila kutazamwa. Siku hiyo nilijua kwamba huyu, kwetu wakitaka wasitake, ndiye mume wangu.

Kutoka hospitalini nilitembea mpaka dukani bila mwavuli. Ndani alikuwepo mzee mmoja akingoja cheti chake cha kuzaliwa kitiwe plastiki.

Yassin aliponiona alitabasamu, kisha tabasamu likakosa pa kukaa.

"Mpenzi, vipi usaili?"

"Elifuraha ni nani?"

"Elifuraha? Mteja. Alikuja Jumatatu."

"Ruth?"

"Mteja. Walikuja siku moja, foleni ilifika barabarani. Kuna nini?"

"Wana mama."

"Kila mtu ana..."

"Wana mama yangu, Yassin. Amewauliza wote kama baba amefika."

Alichukua simu. Niliona kidole chake kikipandisha maandishi juu, juu, kikasimama. Akasoma. Midomo yake ilikuwa inasogea kama ya mtoto wa darasa la kwanza. Uso wake ulipoteza rangi pole pole, na hata mimi niliyekuwa na hasira nikataka kumletea kiti.

"Sikufungua ukurasa mpya," alisema. "Nilibaki kwenye mazungumzo yale yale ya kwako. Niliiambia tengeneza nyingine kama hii, badilisha jina. Ikabadilisha jina."

"Na mama?"

"Nilidhani... nilidhani inajua."

"Hukusoma?"

"Meki, foleni ilikuwa..."

"Hukusoma."

"Kiingereza kirefu kile sikisomi chote. Naangalia jina juu, naangalia namba ya simu chini, naprinti. Ndivyo ninavyofanya kwa wote. Ya kwako peke yake ndiyo niliisoma yote."

"Na ukaenda kuigawa."

"Sikuigawa. Ni mashine."

"Mashine haikunishika vidole."

Yule mzee akakohoa.

"Kijana, cheti changu."

"Subiri kidogo, mzee wangu, tafadhali."

"Nasubiri tangu saa nne. Gombaneni tu, sikatai, lakini gombaneni mashine ikiwa inapata moto."

Yassin aliiwasha mashine. Plastiki ikaingia upande, akaivuta akaanza tena. Nilimtazama akifanya kazi ile ndogo. Ndani yangu kulikuwa na mtu anayemhurumia, na mtu mwingine amesimama kwenye mlango wa wodi hataki kumpisha.

"Wameniambia nimenakili," nilisema. "Elifuraha ameitwa kwanza, kwa hiyo mama ni wake. Mimi ndiye mwizi."

"Twende sasa hivi. Nitawaambia kosa ni langu."

"Nilikuwa na kitu kimoja tu, Yassin. Hata baba sikumpa, hata padri. Nilikupa wewe."

"Najua."

"Hujui. Ungejua ungesoma."

Nilitoka. Aliniita mara mbili. Mara ya tatu sauti yake ilikatwa na yule mzee aliyemwambia, "Mwache, mwanangu, hapo huongezi neno."

Nyumbani sikuweza kuficha. Baba aliniona nikivua viatu vyenye maji, akauliza, na nikamwambia kwamba barua yangu ilisimulia ugonjwa wa mama, na kwamba Yassin ameitoa kwa wasichana wengine watatu bila kukusudia. Lile swali la mama sikulitaja. Tangu mazishi alikuwa hajakanyaga kwa Primus, na alikuwa amepungua hadi koti likambeba yeye.

"Theodora wangu," alisema, akimtaja mama kwa jina. "Ameprintiwa."

Shangazi Hellen, aliyekuwa pembeni akisikiliza, alipiga makofi mara moja. "Nilisema mimi! Au sikusema?"

"Ulisema, Hellen. Sasa nyamaza."

Kwa siku tisa sikupokea simu ya Yassin. Nilikuwa naiangalia ikiwaka juu ya meza, jina lake likija na kuondoka, na kila ilipozimika nilitamani iwake tena. Ndivyo nilivyokuwa, sitajisingizia ujasiri.

Jumapili ya pili, baada ya misa, alikuja. Pikipiki ilimwacha kanisani akapanda kwa miguu, maana njia ya kwetu ilikuwa tope tupu. Tulimwona tangu kwenye mibuni, shati la bluu limeloa mabegani, mkononi kabeba kitu kilichofungwa gazeti. Shangazi alisimama mlangoni mikono kiunoni. Mimi nilibaki jikoni, mahali ninapoweza kuona sebule.

Alisimama nje ya kizingiti akafungua gazeti. Lilikuwa jani la isale, refu, la kijani, limefungwa fundo.

Kwetu mtu akikukosea akaja na jani hilo, humfukuzi. Hata kama ameua ng'ombe wako. Unalipokea, na ukishalipokea jambo linakwisha, halitajwi tena. Sikuwahi kumfundisha Yassin habari hizo.

"Shikamoo mzee."

Baba alilitazama jani kabla ya kumtazama mtu. "Marahaba. Nani amekufundisha?"

"Mzee Ebenezeri, anayeshona viatu pale nje ya duka langu."

"Ebenezeri ni wa wapi?"

"Machame, mzee."

"Ndiyo maana. Fundo lao halikazwi." Akanyoosha mkono, akalipokea, akalikaza mwenyewe. "Ingia, mvua hiyo."

Shangazi alipisha mlango kama mtu anayesogezwa na upepo tu. Yassin aliingia, akakaa ukingoni mwa kiti. Macho yake yalizunguka chumba mpaka yakanipata nyuma ya pazia la jikoni. Yalikaa kwangu sekunde moja, yakaenda chini. Alikuwa amekonda. Nilichukia kwamba nimeliona hilo kwanza.

"Mzee, nimekukosea," alianza. "Habari za mama nilikabidhiwa mimi, nikaziacha zikatoka. Sikukusudia, lakini zilitoka mkononi mwangu. Sina cha kujitetea."

"Hiyo barua unayo?"

"Mzee?"

"Barua. Nimesikia imesomwa na ofisi nzima. Mimi ndiye mume, sijaisikia. Unayo?"

Aliitoa mfukoni mwa shati, imekunjwa mara nne. Nilitoka jikoni nikasimama nyuma ya kiti cha baba.

"Nisomee kwa Kiswahili," baba alisema.

Yassin aliniangalia. Mimi sikuweza hata kutikisa kichwa.

Akaanza. Alisoma polepole, akitafuta kila neno. "'Sijawahi kuajiriwa. Lakini kwa siku arobaini na moja nilikaa na mama yangu mzazi wodini. Nilijifunza kumsikiliza mtu anayeongea kwa shida. Nilijifunza kuwapokea wageni waliokuja na hofu, na kuwaaga wakiwa na amani.'"

"Ni kweli," baba alisema. "Aliwaaga vizuri."

"'Nilijifunza kwamba mgonjwa akiuliza jambo mara tatu hatafuti jibu jipya, anatafuta sauti ya mtu wake.'"

Shangazi Hellen alikuwa ameketi sasa. Alishika upindo wa kanga yake.

"'Siku ya mwisho mama...'" Yassin alisita. "'Siku ya mwisho mama alilala kwa amani. Nitashukuru nikiitwa kwenye usaili.' Mwisho, mzee."

"Umeruka," baba alisema.

"Mzee?"

"Umeruka. Mimi nasoma masomo pale kanisani mwaka wa ishirini na mbili huu. Mtu akiruka mstari sauti inatua vibaya. Rudi nyuma."

Yassin aliikunja barua.

"Hapana, mzee."

"Ati hapana!" shangazi aliruka. "Umekuja na isale mkononi na hapana mfukoni?"

"Nisameheni. Pale si pangu. Nimeshapatoa mara tatu kwa watu wasiohusika. Leo sipatoi, hata nikifukuzwa. Ni pa Mektrida."

Baba aligeuza shingo. Hakunyanyua sauti.

"Mektrida."

Mvua ilikuwa imepungua, matone yakidondoka kwenye majani ya migomba. Nilitazama mikono ya baba, mishipa yake, lile jani katikati. Nilijua nikinyamaza tena nitanyamaza mpaka nimzike na yeye.

"Alikuulizia, baba."

"Lini?"

"Siku ile. Saa tisa."

"Uliniambia alilala."

"Nilikuambia hivyo."

"Akasemaje?"

"Aliuliza kama umefika."

Baba alitikisa kichwa polepole, mara nyingi. "Saa tisa nilikuwa kwa Primus."

"Najua, baba."

"Ukamwambiaje?"

"Nilimwambia umefika. Uko nje unaongea na daktari."

"Akaamini?"

"Aliamini. Alinibana vidole, akafumba macho."

Shangazi Hellen, ambaye sijawahi kumwona akikosa neno, alikuwa analia bila sauti.

"Basi kwake nilifika," baba alisema, na hakuwa anatuambia sisi.

Aliinuka. Alipofika mlangoni alimgeukia Yassin. "Kijana, nimepokea. Na siku ukitaka kuja na wazee wako, mlango upo. Hellen, usinijibu." Kisha akaenda nyuma ya nyumba, kwenye migomba, alikozikwa mama. Jani alikuwa bado amelishika.

Nilimsindikiza Yassin mpaka kwenye mfongo, ule mfereji unaopitisha maji mpakani mwa kihamba chetu, shamba letu la ukoo. Maji yalikuwa mengi, rangi ya chai ya maziwa. Tulisimama kila mtu na upande wake wa njia.

"Elifuraha ameanza kazi," alisema. "Nitakwenda niwaeleze."

"Ukawaambie nini? Mama huyo si wake, mrudisheni?"

"Ndiyo."

"Mama yake yuko hai?"

"Yuko. Anauza ndizi sokoni."

"Mwache. Yeye naye alipewa karatasi tu."

"Na wewe je?"

"Kazi nyingine zitatangazwa. Nitaandika mwenyewe, kwa Kiingereza changu hicho hicho."

Alicheka kidogo, nikacheka, na kwa muda mfupi tulikuwa wale watu wa Alhamisi ile. Akavuka njia. Alinyoosha mkono na mimi nikauacha wangu uchukuliwe. Kiganja chake kilikuwa na joto, na wino ule ule kwenye kucha. Nilitamani kubaki hapo mpaka giza.

"Baba yako amesema mlango upo," alisema.

"Nimesikia."

"Umesikia, na hufurahi."

"Yassin, baba amepokea jani. Hatalitaja jambo hili tena mpaka anakufa, ndivyo ilivyo kwetu. Mimi nitalitaja."

"Litaje."

"Nitalitaja mwaka huu na mwaka kesho. Ukichelewa kurudi nitalitaja. Ukinishika mkono hivi, nitatazama simu yako iko wapi. Nikikusimulia jambo la mtoto wetu nitaanza kujiuliza litafika kwa nani."

"Litaje kila siku, Meki. Mimi sitachoka kusikia."

"Mimi nitachoka kusema."

Aliniangalia kwa yale macho yake ya kungoja, akangoja, na mara hii sikuwa na kitu cha kumpa. Mkono wake ulitoka kwenye wangu kidole kimoja kimoja. Kisha akashuka. Alikanyaga kwa uangalifu, mtu wa mjini asiyezoea tope letu, na mara moja aliteleza akashika mbuni. Hakugeuka. Nilisimama mpaka shati la bluu likamezwa na majani.

Sikumpigia, na yeye alikuwa muungwana mno kurudi mahali alipoagwa. Mwaka umepita. Nimeambiwa siku hizi anasoma kila barua hadi mwisho kabla ya kuiprinti, na kwamba foleni yake imekuwa fupi.

Siku ile nilirudi ndani nikamkuta baba ameshakaa mezani, magoti yana udongo.

"Ameondoka bila kula?"

"Ameondoka."

"Atakuja lini na wazee wake?"

"Haji, baba. Mimi ndiye nimekataa."

Alinitazama. Akapangusa udongo magotini.

"Na mimi ndiyo kwanza nimemkubali," alisema.

Shangazi Hellen alikuwa amesimama na sahani ya machalari, ndizi zilizopikwa na nyama, mkononi, ameipakua kwa ukarimu, nyama juu. Alinitazama mimi, akamtazama baba. Kisha akaiweka pale alipokuwa amekaa Yassin, akaifunika kwa sahani nyingine, akakaa. Tukala.